Nimeitwa tena usaili wa urubani baada ya kufeli simuleta, na fomu ya kwanza sikuijaza vizuri

Mwalimu172:

Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi.

Nina masaa 1,180, na zaidi ya 900 kati ya hayo nimeyapata nikifundisha kwenye Cessna 172. Leseni ya biashara ninayo, kibali cha kuruka kwa vyombo (bila kutegemea kuona nje), injini mbili, na nadharia ya ATPL (leseni ya juu ya urubani wa mashirika) nimemaliza. Miezi minane iliyopita niliitwa na shirika kubwa. Mtihani wa kompyuta nikapita, mahojiano ya mezani nikapita, simuleta (mashine ya kuigiza urushaji wa ndege) nikaanguka. Sasa wameniita tena. Zimebaki wiki tatu na usingizi umekata.

Nieleze kilichotokea, maana nimejisimulia mwenyewe hadi nimechoka. Simuleta ya Boeing 737, mimi kushoto, kulia wamemweka mwombaji mwenzangu tuliyekutana asubuhi hiyo hiyo kwenye benchi la kusubiri. Tulishaambiwa: anayerusha anaagiza, asiyerusha anatekeleza. Tunapaa, tukafika V1 (kasi ambayo ukishaipita huahirishi tena kupaa), injini ya kulia ikazima. Nikakanyaga pedali ya kushoto, ndege ikanyooka, nikainua pua. Hadi hapo safi. Mwenzangu akatamka kwamba tunapanda. Nilichotakiwa ni kuagiza magurudumu yapandishwe, basi. Badala yake mkono wangu wa kulia ukaacha usukani, ukavuka hadi upande wake, ukaenda kwenye ule wenzo wenye kishikio cha umbo la gurudumu. Mkono wake ulikuwa tayari pale. Vidole vikagongana. Akaurudisha mkono wake mapajani, na haukutoka hapo tena hadi tunatua.

Kuanzia hapo nilifanya kila kitu mwenyewe. Redio mimi, flapi (vibamba vya nyuma ya mabawa) mimi, cheklisti nikaisoma na kujijibu. Nikatua katikati ya mstari, najisikia bingwa. Mkaguzi aliyekaa nyuma akauliza swali moja tu: "Mwenzako alikuwa anafanya nini muda wote huo?" Sikuwa na jibu. Baada ya siku mbili ikaja barua pepe ya "tunakushukuru kwa kuomba".

La pili ndilo linaloniumiza zaidi. Huko nyuma niliwahi kufeli mtihani wa kuruka kwa vyombo. Niliinamia chati kutafuta namba ya redio, nikashuka futi 80 chini ya kimo cha mwisho kinachoruhusiwa. Nikarudia baada ya siku nne, nikapita. Fomu ya shirika ilipouliza kama nimewahi kufeli mtihani wowote wa kuruka, rafiki akanishauri niweke "hapana" kwa kuwa mwishowe nilipita. Nikaweka. Fomu mpya ina swali lile lile. Nikiandika "ndiyo", wataona nilidanganya. Nikiandika "hapana", nimedanganya mara mbili. Nifanyeje?

Upepo_wa_Nyuma:

Mkuu usijitafutie matatizo. Futi 80 ni kitu gani? Ulipita, leseni unayo, weka hapana kama mwanzo. Wenzako wana mengi kuliko hayo na wako angani sasa hivi wanasalimia abiria. Kikubwa ongeza masaa.

Kapteni_Mvi:

Upepo wa Nyuma, ushauri huo ungempa mdogo wako wa kuzaliwa?

Kijana wangu, mimi nimekaa upande wa pili wa ile meza kwa miaka kadhaa. Nakueleza tunavyoona sisi. Mtu aliyefeli mtihani mmoja ni wa kawaida kabisa, hata mimi nimefeli. Mtihani uliofeli una karatasi: mkaguzi ana nakala, mamlaka ya anga ina nakala, na shule ina faili lako. Ikitoka nje miaka mitano baadaye, hakuna atakayekuuliza kuhusu futi 80. Utaulizwa kuhusu sahihi yako.

Kaisome ajali ya Colgan Air 3407, Februari 2009, karibu na Buffalo, Marekani. Watu 50 walikufa. Wachunguzi walipofukua rekodi walikuta kapteni alikuwa amefeli mitihani kadhaa ya kuruka kabla ya kuajiriwa, na kwenye fomu ya maombi alikuwa ametaja mmoja tu. Kutokana na ajali ile sheria ya Marekani ilibadilishwa, na tangu 2013 rubani msaidizi wa shirika la abiria kule anatakiwa kuwa na masaa 1,500, isipokuwa waliopita njia chache maalumu. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyozaa hifadhidata ya rekodi za marubani, ambayo mwajiri lazima aipekue kabla hajakupa kazi. Na wewe unayesema "ongeza masaa", kapteni yule alikuwa na zaidi ya 3,300, msaidizi wake zaidi ya 2,200. Wote walishapita 1,500.

Kwa hiyo usisubiri siku ya usaili. Waandikie leo. Mistari minne: fomu ya mwanzo nilijibu hapana, jibu sahihi ni ndiyo, mtihani fulani tarehe fulani, sababu hii, nikarudia tarehe hii. Usimtaje huyo rafiki. Usiseme hukulielewa swali, kwa sababu ulilielewa. Wanaweza kukufuta, sikufichi. Lakini afadhali ufutwe sasa kuliko ufutwe ukiwa umeshavaa mistari begani na una mkopo wa mafunzo juu yake.

Ukiitwa na ukaulizwa, simulizi isizidi dakika mbili, na nusu yake iwe kuhusu unachofanya tofauti leo. Ukianza kumsema mkaguzi au hali ya hewa, sisi tunaweka kalamu chini.

BintiWaFuti400:

Naunga mkono Kapteni kwa asilimia zote. Mimi niongelee simuleta, kwa sababu nami niliingia kwa jaribio la pili. Sasa ni rubani msaidizi, mwaka wa tatu.

Kwanza nimecheka peke yangu: umefundisha masaa 900 kwenye ndege ambayo magurudumu yake hayakunjwi, halafu umefelishwa na wenzo wa magurudumu! Ila naelewa. Mwalimu hamngoji mwanafunzi, akimngoja wanakufa wote wawili. Mkono wako umezoea kuokoa, na ndiyo maana usifanye mazoezi ya kurusha tu. Kurusha unajua.

Nilivyofanya mimi: nilichapisha picha ya chumba cha marubani kwa ukubwa halisi, nikaibandika ukutani, nikaweka viti viwili. Kaka yangu, ambaye hajui hata flapi ni nini, akakaa kulia na karatasi ya maneno yake. Kazi yangu ilikuwa kuagiza na kunyamaza hadi ajibu. Mikono yangu niliikalia. Kweli, niliikalia, chini ya mapaja! Wiki ya kwanza kunyamaza kulinishinda. Sekunde mbili za kumngoja mtu ni ndefu kweli.

Injini ikizima baada ya V1, chini ya futi 400 makampuni mengi hayataki ufanye chochote zaidi ya kuinyoosha ndege na kuagiza magurudumu. Kwa hiyo muda upo. Ukifika juu mgawie mwenzako kazi kwa sauti: "Narusha mimi na redio nachukua mimi, wewe soma hatua za injini." Kabla hujaamua kurudi kutua, muulize, "Wewe unaonaje, kuna nilichosahau?" Umuulize kwa kutaka jibu. Wakaguzi wanaijua ile ya kuuliza huku umeshageuza ndege.

Hesabu za kichwani pia zifanye kila siku, ukiwa na akiba kichwani ndipo unapata nafasi ya kumsikiliza mwenzako. Elfu za futi zidishe kwa 3 upate maili za kushukia: futi 30,000, anza maili 90. Kasi ya ardhini zidishe kwa 5 upate mshuko wa nyuzi 3: noti 140 (maili za baharini kwa saa), futi 700 kwa dakika. Ziwe kama jina lako.

Mwalimu172:

Asanteni sana. Kapteni, maneno yako yamenichoma ila nimeyapokea. Dada, swali: wakinipanga na mwombaji asiyejua kitu je? Nikimwachia kazi akaharibu, tunaanguka wote.

Kapteni_Mvi:

Hapo ndipo tunakuangalia kwa makini zaidi, kijana. Akichelewa, mkumbushe kwa jina lake na agizo moja fupi. Akikosea, mrekebishe na mwendelee, bila kuguna. Nimewahi kumpitisha mwombaji aliyetua vibaya hadi nikashika kiti, kwa sababu mwenzake alikuwa ameganda na yeye akamrudisha kazini taratibu, hatua moja moja.

Kalitafute pia tukio la ndege ya abiria United 173, Desemba 1978, Portland. Kapteni alishughulikia hitilafu ya magurudumu kwa takriban saa nzima huku DC-8 ikizunguka, hadi mafuta yakaisha. Watu 10 walikufa. Mhandisi wa ndege alijua mafuta yanakwisha, na alisema, ila alisema kwa upole mno na bosi hakusikia. Somo la kufanya kazi kama kundi katika chumba cha marubani lilikomaa baada ya hapo. Sisi tunapokaa nyuma yako na kalamu tunajiuliza kama mtu wa kulia, siku akiona mafuta yanaisha, atathubutu kukwambia. Yule wako wa mkono mapajani asingethubutu.

Upepo_wa_Nyuma:

Sawa Kapteni, nimenyamaza. Hiyo ya rekodi kupekuliwa sikuijua.

Mwalimu172:

Mrejesho. Nimetuma barua pepe jana usiku, mistari minne kama ulivyosema, nikazima simu nisione. Asubuhi wamejibu: wamepokea, wameweka kwenye faili, usaili uko pale pale, na nitaulizwa kuhusu hilo. Mikono ilitetemeka ila angalau nimelala.

Picha ya ukutani nimeshachapisha. Na kesho alfajiri nina mwanafunzi, masaa 14, mzito kweli kwenye flapi. Huwa namshushia mimi. Kesho namwagiza, halafu naikalia mikono.