Nimesoma miaka sita naambiwa shahada "ya mtandaoni", mwenye cheti cha wiki nane anaitwa msomi wa Harvard!

Wanajamvi, naandika nimekasirika, mtanisamehe.

Miye ni mwalimu wa skuli ya sekondari huku Pemba. Miaka sita nimesoma shahada ya Chuo Kikuu cha London nikiwa nyumbani Wete. Ada kwa pauni, na pauni zenyewe zimetoka kwenye mikarafuu aliyotuachia marehemu baba. Mwaka mmoja karafuu zilikataa, nikasimamisha masomo. Mitihani nayo si ya kubofyabofya kitandani: nateremka Mkoani, meli mpaka Unguja, boti mpaka Dar, naingia chumba cha mtihani na msimamizi kanikodolea macho kwa muda wa saa tatu, kalamu na karatasi. Nikirudi nimechoka kama niliyepakua mizigo bandarini.

Nikapeleka cheti ofisini nibadilishiwe daraja, na utambuzi wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, nimeuambatisha. Afisa kakitazama, kaniuliza: "Uingereza ulikwenda lini, mwalimu?" Sikwenda. "Ahaa, basi hii ya mtandaoni." Faili likafungwa.

Hapo ningemeza. Kilichonichoma ni fremu iliyotundikwa ukutani nyuma yake. Mkubwa wao kafanya kozi fupi ya Harvard kwenye intaneti, wiki nane, kapewa cheti cha kumaliza, na sasa ofisi nzima ni "mkubwa kasoma Harvard". Kozi si mbaya, na miye ningeifanya. Lakini Harvard wenyewe hawaiiti shahada! Wana kitengo chao cha Extension tangu 1910, na anayetaka shahada huko lazima kwanza asome kozi kadhaa na afaulu vizuri ndipo akubaliwe. Mkubwa kaangalia video, kajibu maswali, kaenda kutafuta fremu Darajani.

Na hii London wanayoidharau imewafungulia mitihani yake watu wa mbali tangu 1858. Sultani Majid alikuwa bado anatawala hapa! Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza 1961 na wanafunzi 13 wa sheria, kilikuwa chini ya London hiyo hiyo. Mandela alimalizia shahada yake ya sheria kwa masafa, yaani bila kuhudhuria chuoni, kupitia UNISA, chuo kikuu cha Afrika Kusini kilichopo Pretoria, 1989, akiwa bado mfungwa. Angekuja kwenye dirisha letu angeulizwa Pretoria alikwenda lini.

Nakubali wapo wanaonunua vyeti, na ofisi ina haki ya kukagua. Basi kagueni! TCU wameshakagua, nyinyi mnakagua pasipoti.

Barua yangu ya malalamiko ipo mezani kwao tangu Shaaban, na kila nikienda naambiwa mhusika yuko safarini. Kuna aliyepita njia hii, Unguja au Pemba, akabadilishiwa daraja kwa shahada ya masafa? Uliandika kwa nani, na uliambatisha nini? Wa kuniambia "subira" apite tu, ninayo tele.