Naomba ushauri: mawe ya Mwanza yananishinda kwenye reli yangu ya mfano

Habari zenu wakuu. Ninajenga mfano wa stesheni ya Mwanza, ile reli ya upana wa mita moja iliyofika hapa mwaka 1928. Kipimo ni 1:87, kwa hiyo mita moja inakuwa kama milimita 11 na nusu. Nimetumia reli za milimita 12 na jicho halioni tofauti. Gati ya MV Umoja, meli ya kubeba mabehewa, nimeimaliza juzi.

Shida ni mawe. Niliokota vipande vya graniti halisi Capri Point nikajua kazi imekwisha. Kumbe chembe zake zinazong'aa zinakaribia ukubwa wa kichwa cha abiria wangu mwenye urefu wa sentimita 2! Kwenye picha unaona kokoto, huoni Bismarck Rock, ule mwamba maarufu wa ziwani hapa Mwanza. Sasa nachonga foamu na kuipaka plasta, lakini ile michirizi myeusi ya maji ya mvua inayoshuka mwambani, kwa brashi inatoka kama mistari ya pundamilia. Nyie mnaipataje?

Ziwa ni kioo kilichopakwa rangi kwa chini. Linapendeza, ila taa ya dari inaonekana ndani yake.

Picha napiga kwa simu, nikiishusha hadi usawa wa macho ya abiria. Behewa la mbele likitoka safi, vilima vya nyuma vinafifia. Nirudi nyuma kisha nikate picha, au nipige kadhaa kwa fokasi tofauti na kuziunganisha?

Mzee wangu alifanya kazi reli. Nataka picha moja aishike, aniulize, "Hii ilipigwa mwaka gani?"