Tupeane uzoefu: Mkaguzi wa usalama alipofika kwenye mizigo ya ndege, aliona nini na hakuona nini?

Mchambua Mabegi, Dar es Salaam

Ndugu zangu, nimefanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege kwa miaka 12, saba ya mwanzo nikipakia ndege na mitano ya sasa nikiwa kwenye ukumbi wa kuchambulia mabegi, ule ulio nyuma ya pazia la mpira ambamo abiria huliona sanduku lake likipotelea. Katika muda huo nimeshuhudia kaguzi nyingi za usalama, na karibu zote zilifanyika saa nne asubuhi, sakafu ikiwa imefagiliwa, mkanda ukienda kwa utulivu na kila mtu akiwa na kizibao chake cha kuakisi mwanga. Sijawahi kumwona mkaguzi saa tisa usiku, wakati ndege tatu zinapoondoka kwa kufuatana na sisi tukiwa wanane mahali pa watu kumi na wanne. Ninaomba kila aliyefanya kazi hii aeleze aliyoyaona kwa macho yake: ukaguzi ulipofika kwenu ulikuta nini, na ni nini kilibaki bila kuonekana?

Nianze na langu. Pana kona ambapo mkanda mmoja humwaga mabegi juu ya mwingine, na katikati yake kuna rola inayotakiwa kufunikwa kwa kinga ya bati. Usiku mmoja begi lenye mikanda mirefu lilikwama pale. Mwenzangu alibonyeza kitufe cha kusimamisha, akaingiza mkono ili alinasue, na mtu mwingine wa upande wa pili, ambaye hakumwona kwa sababu ya rundo la mabegi, akawasha mkanda ili kazi iendelee. Rola ilidaka ncha ya glavu. Nilivuta kamba ya dharura, lakini ilikuwa imelegea kiasi kwamba mvuto wa kwanza haukufanya lolote. Mkanda ulisimama nilipovuta mara ya pili. Alipoteza kidole cha kati mpaka kwenye kiungo cha kwanza.

Jambo linaloniuma hadi leo ni fomu ya ukaguzi wa ndani uliofanyika wiki tatu kabla. Mbele ya maneno "kinga za mashine zipo" paliwekwa alama ya vema. Na kweli kinga ilikuwapo: fundi aliitoa ili asafishe rola, akaiegemeza ukutani, na boliti zake nne zilikuwa ndani ya kikombe cha plastiki pembeni yake. Mwenzangu alilipwa kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao kwetu huchangiwa na mwajiri peke yake, na baada ya hapo kila mmoja wetu alipewa kufuli lake la kufungia swichi kuu kabla ya kuingiza mkono popote, ufunguo ukikaa mfukoni mwake mwenyewe. Kitufe husimamisha mkanda, lakini hakimzuii mtu wa pili kuuwasha. Tulilijua hilo zamani, na hakuna aliyetuuliza.

Mpakiaji, Nairobi

Pole sana kaka, na umfikishie pole mwenzako. Kwetu maumivu yako kiunoni. Abiria wengi wanazijua kilo 23 za tiketi ya kawaida, na wanajua kwamba begi moja linalozidi kilo 32 mashirika mengi hayalipokei. Wengi hudhani kikomo hicho cha kilo 32 kiliwekwa kwa ajili ya ndege, kumbe ni kwa ajili ya mgongo wa anayelinyanyua. Kilo 32 kwa mtu aliyesimama wima si sawa na kilo 32 kwa mtu aliyepiga magoti ndani ya tumbo la Boeing 737, ambamo mtu mzima hawezi kusimama, na ambamo begi hupokelewa kutoka mlangoni na kusukumwa ndani huku kiuno kimepinda. Siku moja nilihesabu mabegi 160. Ukiweka wastani wa kilo 18, hizo ni kilo 2,880 kwa ndege moja, nasi tulikuwa wawili mle ndani. Zamu ile ilikuwa na ndege nne.

Mkaguzi alituuliza kama tumefundishwa kunyanyua mzigo kwa kukunja magoti na kunyoosha mgongo. Tulijibu ndiyo, kwa sababu tulifundishwa, na bango lipo ukutani. Hakuuliza mafunzo hayo yanatumikaje mahali ambapo mtu tayari amekwisha kupiga magoti. Kilichotusaidia ni kamati ya usalama, ambayo sheria yetu ya 2007 ya usalama na afya kazini inaidai mahali popote penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kupitia kamati tulidai lebo ya uzito ifungwe kwenye kishikio cha kila begi linalozidi kilo 23, na watu wa ndani wabadilishane na wa nje kila ndege. Lebo ilianza mwezi uleule. Kubadilishana kulichukua mwaka mzima, kwa kuwa kulihitaji watu wawili zaidi kwa zamu.

Dereva wa Trekta, Mombasa

Mimi huvuta matoroli ya mizigo. Kanuni za kelele za Kenya za 2005 zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane, na viziba masikio nilipewa siku ya kwanza. Lakini nikiviweka vyote viwili simsikii mwenzangu akinipigia ukelele kwamba toroli la mwisho limechomoka, kwa hiyo kwa miaka sita niliacha sikio la kushoto wazi. Sasa simu nikiiweka sikio hilo sielewi neno. Katika kaguzi zote nilikutwa nimeziba yote mawili.

Mwana wa Unguja, Muscat

Assalaam alaikum jamaa zangu. Hapa Oman kazi za juani huzuiwa kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, mwezi wa Juni hadi Agosti, lakini ndege iliyotua saa saba haiwezi kungoja jioni ili ishushwe mizigo. Nilikokuwa tulipangiwa dakika 20 za kazi na dakika 20 za kupumzika katika chumba chenye kiyoyozi na maji baridi, na mkaguzi alipokuja alikikuta chumba, akayakuta maji, akaridhika. Chumba chenyewe kilikuwa mwendo wa dakika saba kutoka maegesho ya mwisho ya ndege. Ukienda na kurudi kwa miguu juu ya lami ile, umebakiwa na dakika sita. Kijana mmoja alianguka njiani akirudi kazini, si akiwa kazini. Baada ya hapo lililetwa basi dogo lenye kiyoyozi, likawa linaegeshwa karibu na ndege yenyewe.

Mzaliwa wa Bukavu, Texas

Ninawaheshimu wote waliotangulia kueleza. Nafanya kazi hii Marekani, na sisi hatusahau yaliyotokea uwanja wa Montgomery, Alabama, tarehe 31 Desemba 2022, mfanyakazi mwenzetu alipovutwa na injini ya ndege iliyokuwa imeegeshwa. Mtambo mdogo unaoipa ndege umeme ikiwa chini ulikuwa mbovu, kwa hiyo injini ziliachwa zikiendelea kuzunguka baada ya kusimama. Wachunguzi wa serikali walieleza kwamba wafanyakazi walikuwa wamekutanishwa na kukumbushwa hatari hiyo, na mara ya pili wakakumbushwa muda mfupi kabla ya ndege kufika. Mwajiri alitozwa faini ya dola 15,625.

Sisemi hili kumlaumu marehemu hata kidogo. Mtu anayekimbizana na dakika 30 za kushusha na kupakia ndege kabla haijaondoka tena, masikio yakiwa yamezibwa, anaweza kuwa amesikia onyo na bado miguu yake ikafuata mazoea ya kila siku. Kwetu sasa mtu mmoja hana kazi nyingine ila kusimama mbele ya bawa mkono ukiwa juu, na hakuna anayemvuka mpaka ile taa nyekundu inayomweka tumboni mwa ndege izimike na mapanga ya injini yasimame. Kabla ya hapo, fomu ilitaka tu sahihi zetu kwamba tumesomewa onyo.

Afisa Usalama, Nairobi

Kaka Mchambua Mabegi, nimesoma yote nikajiona ndani yake, kwa kuwa nilikagua maeneo ya mizigo kwa miaka kadhaa. Eneo hilo ni la ulinzi. Mkaguzi haingii bila kibali na mtu wa kumsindikiza, na kibali kikiombwa leo, kesho yake kila msimamizi anajua. Hiyo ndiyo sababu ya ile sakafu iliyofagiliwa. Lakini sheria yetu ya 2007 inampa afisa uwezo wa kuingia mahali pa kazi mchana au usiku, na tusipoutumia usiku, kosa ni letu sisi wakaguzi. Niliacha kuanza na fomu. Nilikuwa nikimwomba mtu wa mkandani anionyeshe begi lilikwama wapi mara ya mwisho na alilitoaje, kisha nasimama hapohapo mpaka jingine likwame. Mara moja nilisubiri saa mbili na dakika kumi. Niliandika zuio la mashine ile kabla sijaondoka.

Mchambua Mabegi, Dar es Salaam

Dada, ahsante kwa kukiri jambo ambalo wengi wangelificha. Nimemwandikia mwakilishi wetu wa usalama nikimwomba ukaguzi ujao wa ndani uanze saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumapili, na nimeambatanisha orodha ya ndege za usiku huo pamoja na idadi yetu halisi ya zamu. Kinga ya kona ile ipo mahali pake. Nimepita leo nikazigusa boliti zote nne. Kamba ya dharura ya upande wa kusini bado imelegea, na nimeitaja katika aya ya kwanza ya barua hiyo.