Tupeane uzoefu: Msimu wa NBA 2015-16 uliufuatiliaje ukiwa huku kwetu?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za humu. Mimi kikapu kiliniingia mwaka 2009, pale Memphis Grizzlies walipomchukua Hasheem Thabeet wetu akiwa chaguo la pili kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mbele ya James Harden wa tatu na Stephen Curry wa saba. Misimu mingi imepita, mingi nimeshaisahau. Wa 2015-16 haujanitoka. Golden State Warriors, timu ya Curry huyo, walianza kwa kushinda mechi 24 mfululizo, tena benchi likiwa chini ya Luke Walton kwa sababu kocha mkuu Steve Kerr alikuwa akiuguza mgongo. Wakamaliza na ushindi 73 na vipigo 9, wakaifuta rekodi ya Chicago Bulls ya 72-10 iliyodumu miaka 20. Halafu kwenye fainali kombe likaenda kwa Cleveland Cavaliers!

Thabeet wakati huo hakuwepo tena NBA, kwa hiyo kila Mtanzania alijitafutia timu. Mimi nilikuwa wa Cleveland, kwa ajili ya nyota wao LeBron James. Nilipanga chumba Mabibo, na kibanda umiza cha mtaani kilifungwa mechi za Ulaya zikiisha. Hakuna mwenye kibanda angekesha kwa ajili ya kikapu. Tukawa tunachanga na majirani, tunanunua bando la usiku, tunaangalia kwenye simu moja. Shida ni kwamba mechi za fainali za katikati ya wiki zilianza saa kumi alfajiri, na bando letu lilikatika saa kumi na mbili asubuhi, robo ya nne ndiyo kwanza inachanganya. Mchezo wa tano wa fainali, LeBron pointi 41 na mwenzake Kyrie Irving 41, robo ya mwisho tuliimalizia kwa bando la bei ya mchana ambalo jirani yangu fundi cherehani alilitoa kwenye hela yake ya vitambaa. Sijawahi kuona mtu akitoa pesa kwa furaha vile.

Takwimu kila mtu anazipata. Semeni mlikuwa wapi, mliangaliaje, na usiku upi umewakaa.

Mdau, Mombasa

Ndugu yangu, usisahau kwamba fainali ile iliangukia Ramadhani. Kwa hiyo sisi wa Old Town hatukuhitaji kuwekeana kengele, saa tisa usiku mtaa wote uko macho kwa daku. Mchezo wa saba ulianza saa hiyohiyo, kuamkia Jumatatu tarehe 20 Juni. Baba, ambaye kikapu hakukijua hata kidogo, alikaa nasi na chai yake akiuliza kila mara, "Huyu mrefu ni wetu au wao?"

Robo ya tatu iliisha Golden State wakiongoza 76-75. Adhana ya Alfajiri ikatukuta hapo, tukatoka kwenda msikitini sote isipokuwa dada yangu, ambaye yeye angesali nyumbani na wakati bado ulikuwepo. Tuliporudi alikuwa amesimama mlangoni, hawezi hata kukaa. Akatusimulia kwa mikono yake miwili: wako 89-89, Andre Iguodala wa Golden State anakwenda kufunga peke yake, LeBron anatoka nyuma kabisa na kuubandika mpira kwenye ubao. Kisha Kyrie mbele ya Curry, zimebaki sekunde 53, pointi tatu. Mwisho 93-89. Ile bloku nimeitazama mara nyingi baadaye, na kila nikiitazama naisikia sauti ya dada.

Mdau, Mwanza

Mimi ni Warriors na bado nina uchungu. Tulikuwa mbele 3-1, ubingwa ulitaka ushindi mmoja tu. Draymond Green akafungiwa mchezo wa tano kwa makosa yaliyojumlishwa, Andrew Bogut akaumia goti mchezo huohuo. Mkisimulia, simulieni na hilo.

Kocha wa watoto, Dar es Salaam

Nafundisha vijana wa miaka 12 hadi 16. Msimu ule ulibadilisha mazoezi yangu yote. Zamani mtoto akiingia uwanjani alikimbilia chini ya kikapu, anataka kudanki. Baada ya ile mechi ya Oklahoma City ya mwezi Februari, Curry alipomaliza muda wa nyongeza kwa mtupo wa mbali mno, 121-118, watoto wakawa wanasimama karibu na katikati ya uwanja na kurusha. Mpira hata ringi haugusi.

Makocha wenzangu walikasirika. Mimi nikawakalisha vijana nikawaambia: yule mtu ameingiza mitupo 402 ya pointi tatu msimu mmoja, hakuna aliyewahi kufika hata 300 kabla yake. Anayetaka kuwa kama yeye aanze hatua moja mbele ya kikapu, mkono mmoja, mpaka nyavu zilie mara kumi mfululizo, ndipo arudi hatua moja nyuma. Waliobaki na zoezi hilo walikuwa wale wafupi, ambao awali walikuwa wakikaa nje kuokota mipira. Binti mmoja alikuja kuchaguliwa timu ya shule yao kwa mtupo tu. Kwa hiyo mtu akiniambia Curry aliharibu mchezo, mimi simwelewi. Kwa watoto wafupi wa uwanja wangu alifungua mlango.

Mdau, Nairobi

Usiku wangu mimi ni ule wa Kobe Bryant wa Lakers. Kule ilikuwa tarehe 13 Aprili, kwetu Alhamisi asubuhi, mechi imeanza saa kumi na moja na nusu. Niko kwenye matatu Thika Road nikienda kazini, simu mkononi, nasoma tu pointi zinavyopanda. Wakati huohuo Warriors wanacheza na Memphis wakitafuta ushindi wa 73. Kijana aliyekaa kando yangu alikuwa anafuatilia hiyo. Hatujuani. Tukaanza kupeana habari, yeye ananiambia Curry, mimi namwambia Kobe ana 40, ana 50. Kobe akamaliza na 60, kwa mitupo 50, miaka 37, mechi yake ya mwisho, Lakers wakashinda Utah 101-96. Nilishuka kituo kimoja na yule kijana ingawa ofisi yangu ilikuwa mbele, ili tumalizie. Mwaka 2020 Kobe alipofariki, wa kwanza kunipigia simu alikuwa yeye.

Mwanzisha mada

Mkuu wa Nairobi, asante sana kwa hiyo.

Mdau, Lubumbashi

Jambo wote. Huku kwetu ni mji wa Mazembe, kikapu kilikuwa cha watu wachache. Lakini Bismack Biyombo, aliyekuwa akichezea Toronto Raptors, ni mtoto wa Lubumbashi, kwa hiyo mwezi Mei 2016 hata wazee wa Kamalondo waliuliza Toronto iko wapi. Jonas Valančiūnas, mchezaji wao wa katikati, ameumia, Biyombo anaanza mahali pake, na wapinzani Cleveland hawajapoteza hata mechi moja ya mtoano, wameshinda kumi. Mchezo wa tatu kwetu ni saa nane na nusu usiku. Umeme hakuna. Tulikuwa na jenereta ndogo ya kinyozi, petroli tumechangiana. Biyombo akachukua ribaundi 26, rekodi ya Raptors, akazuia mitupo, akatikisa kidole kama Dikembe Mutombo, Mkongo mwenzetu wa NBA ya zamani. 99-84! Majirani waliamka kwa kelele zetu, wengine wakadhani kuna msiba. Baada ya msimu, Orlando wakampa mkataba wa dola milioni 72. Watoto wengi wa mtaa walianza kuuliza mpira wa kikapu unauzwa wapi.

Dada, Cleveland, Ohio

Mimi ni Mkenya, nahudumia wazee kwenye makazi yao huku. Mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia alikuwa kijana mwaka 1964, Browns, timu ya mpira wa Kimarekani, walipouletea mji huu ubingwa wa mwisho. Miaka 52 hakuna kitu. LeBron, mtoto wa Akron hapo jirani, alipohamia Miami mwaka 2010, mzee huyo alikataa kutaja jina lake. Aliporudi 2014 alimsamehe kimyakimya.

Usiku wa mchezo wa saba nilikuwa zamu. Kocha David Blatt alifukuzwa Januari timu ikiwa na 30-11, akaingia Tyronn Lue, na mzee tangu siku hiyo alikuwa akisema Lue hatafika popote. Filimbi ya mwisho ilipolia alinishika mkono akalia sana, nami nikalia, na sikuwa hata shabiki wa kikapu. Siku ya gwaride watu walifurika katikati ya mji, wengine juu ya paa za maegesho. Nilimsukuma kwenye kiti chake mpaka tukakwama. LeBron hatukumwona, tuliona magari ya zimamoto tu. Mzee aliridhika kabisa.

Mdau, Mwanza

Dada, hapo kwa mzee sina ubishi. Basi nami niseme usiku wangu: Warriors na Oklahoma City kabla ya fainali, mchezo wa sita, Klay Thompson mitupo 11 ya pointi tatu, pointi 41, tukiwa nyuma 3-2 ugenini. Nilikuwa zamu bandarini, bosi alikuwa wa Oklahoma, tukiangalia kwenye simu yake. Alipoona Klay haachi akanikabidhi simu, akaenda kukagua mizigo ambayo nilishaikagua.