Programu ya C inakompaili vizuri ila nikiiwasha inakufa, msaada wakuu

mgeni_wa_C:
Habarini wakuu, ndo kwanza wiki ya tatu naanza C, tumepewa zoezi la kupiga wastani wa alama za masomo matano. Natumia Code::Blocks kwenye Windows, inakompaili bila kelele yoyote ila nikiandika alama ya kwanza tu nikabonyeza Enter inazima inaniletea "Process returned -1073741819 (0xC0000005)". Nimeshafuta na kuandika upya mara tatu, kitu kilekile. Nimekosea wapi?

```c
#include <stdio.h>
int main(void)
{
    int i, jumla, alama[5];
    float wastani;
    char tena;
    for (i = 0; i <= 5; i++) {
        printf("Alama: ");
        scanf("%d", alama[i]);
    }
    for (i = 0; i < 5; i++)
        jumla += alama[i];
    wastani = jumla / 5;
    printf("Wastani: %.2f\n", wastani);
    printf("Tena? n/h: ");
    scanf("%c", &tena);
    return 0;
}
```

fundi_pointa:
Umesahau & kwenye scanf ya kwanza, weka `&alama[i]`. Scanf haitaki kilichomo kwenye veriabo, inataka anwani yake. Ni kama unamtuma bodaboda na mzigo, unamwelekeza nyumba ilipo, humtajii vitu vilivyomo ndani. Wewe umempa takataka iliyokuwa ndani ya alama[i] akaichukua kama anwani, akaenda kugonga mlango wa watu, Windows ikamfukuza. Hiyo 0xC0000005 maana yake ndo hiyo, programu imegusa memori isiyo yake. Kwenye Linux ungeona "Segmentation fault".

mgeni_wa_C:
Asante mkuu haifi tena! Ila sasa inaniuliza alama mara 6 badala ya 5, wastani unakuja 840412.00, na pale kwenye Tena hainisubiri hata nijibu, inapita tu 😩

kijana_wa_mtandao:
Hamia Python uokoe muda

mama_kompaila:
@kijana_wa_mtandao zoezi ni la C, Python atampelekea mwalimu gani?

Mdogo wangu hayo yote yalikuwemo tangu mwanzo, lile la kwanza lilikuwa linaua programu kabla hujayafikia. Mara 6 ni sababu ya `<= 5`, hesabu inaanza 0 kwa hiyo nafasi zako ni 0 mpaka 4, andika `< 5`. Na usilichukulie poa hilo maana ile alama ya sita inaandikwa nje ya safu, inaweza kuangukia veriabo ya jirani na usione kosa lolote siku hiyo. Wastani wa ajabu ni kwa vile jumla hujaipa thamani ya kuanzia, C haikuwekei sifuri kwenye veriabo za ndani ya main, andika `jumla = 0`. La Tena ni ile Enter uliyobonyeza baada ya alama ya mwisho, imebaki kwenye bafa (pale ulichoandika kinaposubiri kusomwa), %c ikaidaka. %d huwa inaruka nafasi na Enter yenyewe, %c hairuki, kwa hiyo acha nafasi mbele yake: `" %c"`.

Halafu nenda Settings, Compiler, utie tiki kwenye -Wall, ndo inawasha maonyo ya kompaila. Lile la & kompaila ingekuambia yenyewe, ukimya wake sio cheti.

mgeni_wa_C:
Dada ubarikiwe. Sasa nimeweka 70, 65, 58, 80, 60 imeleta 66.00 ila kalkuleta ya simu inasema 66.6

fundi_pointa:
int kwa int inakupa int, desimali imeshakatwa kabla haijafika kwenye float. Andika `jumla / 5.0`.

mgeni_wa_C:
66.60!! Ila mdogo wangu kaja kujaribu akaandika "sabini" kwa herufi, maswali yote yakapita mbio bila kusubiri, hii nayo vipi

mama_kompaila:
😂 Huyo muajiri awe mkaguzi. %d ikikuta herufi inaziacha palepale, kila scanf ya %d inayofuata inazikuta na kushindwa. Scanf inarudisha idadi ya vitu ilivyofanikiwa kusoma, kwa hiyo uliza `if (scanf("%d", &alama[i]) != 1)`, kama sio 1 soma herufi moja moja kwa getchar mpaka uifikie '\n' ndo umuulize tena. Jaribu kwanza mwenyewe, ukikwama tuma kodi.