Kukodi meli ya kichele (ya mzigo usiofungashwa) kupeleka makaa India kutoka Mtwara, aliyewahi anielekeze

Mchimbaji_wa_Kusini:
Wakuu heshima kwenu. Tuko wanne, tunakusanya makaa ya mawe Mbinga kule Ruvuma na siku zote tunawauzia madalali tu. Sasa tumepata mnunuzi wa India anataka tani elfu 30, na mwenzetu mmoja kashikilia tukodi meli wenyewe tumpelekee mpaka bandarini kwake faida yote ibaki kwetu. Broka kanitumia karatasi vifupisho vitupu, SHINC sijui MOLOO, nimeisoma mara tatu nikaona bora nikalale. Hivi meli inakodiwaje, kama semi, kwa siku au kwa tripu? Na ile indeksi ya Baltic ya bei za kukodi meli ikishuka ndo nikodi?

Karani_wa_Gati:
Mkuu zote mbili zipo. Voyeji chata ndo ya tripu, unalipa kwa tani, mafuta na ushuru wa meli bandarini ni vya mwenye meli, we unahangaika na mzigo. Taimu chata unalipa kwa siku na mafuta juu yako, meli ikilala nangani wiki nzima kusubiri gati ujue hela inatembea. Ipo na ya kupewa meli tupu utafute nahodha na mabaharia mwenyewe, hiyo hata usiulize.

Ila kodi ya meli sio inayoua watu, kinachoua ni saa. Mkataba unakupa muda wa kupakia, tuseme tani 5,000 kwa siku, kwa hiyo tani elfu 30 una siku sita, ukizidisha unalipa demareji (usichanganye na ile ya kontena, hii ni ya meli nzima). Ikiwa dola 12,000 kwa siku na umechelewa siku tano, elfu 60 hiyo imeondoka. SHINC maana yake Jumapili na sikukuu zinahesabiwa, hata Idd. Na muda ukishaisha ukaingia kwenye demareji, mvua inyeshe isinyeshe saa haisimami tena.

Sasa piga hesabu, semi moja inabeba kama tani 30, kwa hiyo unahitaji semi elfu moja kutoka Mbinga mpaka Mtwara. Elfu moja mkuu! Nilishaona meli imefunga gati, yadi ina kichuguu cha makaa hakifiki nusu, mwenye mzigo yuko na simu mbili masikioni anawatukana madereva waliokwama njiani, na mimi hapo naandika tu kwenye taarifa ya matukio: "saa 8:20 mchana, kazi imesimama, hakuna mzigo". Ile karatasi ndo inaenda kupigiwa hesabu, isome kila jioni kabla hujasaini. Angalia pia saa ambayo nahodha ametoa notisi ya utayari, yaani kwamba meli iko tayari kupakia, kwa fomu ya mkataba ya Gencon ya 1994 akitoa kabla ya saa sita mchana muda unaanza kuhesabiwa saa saba siku hiyohiyo, akitoa baada ya hapo ndani ya muda wa ofisi, unaanza saa 12 asubuhi siku ya kazi inayofuata.

BahariaMombasa:
Hiyo indeksi isikusumbue kaka. Mei 2008 ilifika 11,793, Februari 2016 ikawa 290, ni ya kutazama upepo tu. Na tangu 2018 hesabu yake ni ya meli kubwa, handisaizi (meli ndogo za kichele) zilitolewa, na tani elfu 30 ni handisaizi hiyo, zina indeksi yao. We itisha meli yenye kreni na grabu zake (makucha ya kuchotea mzigo).

Lingine, makaa yanapata moto yenyewe. Nimeyabeba miaka, yakizidi nyuzi 55 hayapakiwi, nahodha anatia kipimajoto kwenye rundo na hapo hakuna cha kumbembeleza. Na yakiwa yamelowa sana yanageuka uji tumboni mwa meli, meli inalala upande, so cheti cha unyevu utaitishwa tu.

MamaMizigo:
Mdogo wangu, kwa mara ya kwanza uza FOB, yaani we unaishia kupakia melini, Mhindi alete meli yake. Lakini usidhani umepona, mikataba mingi ya mauzo inamrudishia muuzaji demareji ya bandari ya kupakia, kwa hiyo hata meli sio yako bili inakufuata nyumbani. Na hiyo MOLOO ni zaidi au pungufu kwa hiari ya mwenye meli, kama ni asilimia 10 anaweza kukwambia nataka tani 33,000, we ukileta 27,000 unalipia na nafasi tupu. Usisaini tarehe ya meli kabla mzigo haujalala yadi wote.

Mchimbaji_wa_Kusini:
Asanteni sana wakuu. Dada nimeenda kuchungulia rasimu ya Mhindi, ukurasa wa nne kwa maandishi madogo, demareji ya kupakia kwa muuzaji, tani 8,000 kwa siku, SHINC. Na yadi tuna kama tani elfu nne hivi. Ngoja nimpigie yule mwenzetu.