Tupeane uzoefu: kuingiza nchi na viongozi wenye utata kwenye modi za Hearts of Iron IV

Mwenye uzi

Wakuu, kwenye Hearts of Iron IV, gemu ya kompyuta ya vita na siasa, modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) za Afrika ya baada ya 1960 zimekuwa nyingi, na karibu zote zinakwama palepale: Zanzibar, Kongo, Uganda. Modi haijamaliza siku mbili kwenye Steam, duka la gemu mtandaoni, maoni yameshajaa matusi. Ukichunguza, ugomvi hautokani na kiongozi kuwemo. Unatokana na tarehe, jina, bendera, au neno moja lililoachwa kwenye dirisha la siasa. Leteni mambo ya kiufundi: faili lipi, namba ipi, nini huharibika na kwa nini. Siasa za leo zina uzi wake.

Karafuu_Mbili

Naanza na Zanzibar maana ndiyo inayochoma kuliko zote.

Chagua tarehe ya kuanzia kabla hujagusa picha hata moja. Ukianza 10 Desemba 1963, siku ya uhuru, unaanza na dola ya Sultani Jamshid bin Abdullah na waziri mkuu Mohamed Shamte. Mapinduzi ni 12 Januari 1964, siku 33 baadaye. Anayechanganya tarehe hizi mbili, kwa mfano kumweka Karume madarakani Desemba 1963, amekwisha hata kabla modi haijafunguka.

Halafu asilimia. Uchaguzi wa Julai 1963 uliwapa ASP, chama cha Karume, takribani asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31; vyama vya ZNP na ZPPP wakaungana kwa viti 18 wakaunda serikali. Watengenezaji wengi hudhani chama tawala lazima kiwe chenye asilimia kubwa, basi wanapindua namba ili zikae sawa, na hapo upande mmoja unaona umedhulumiwa mara ya pili. Gemu haidai hivyo. Kwenye faili la history/countries, ndani ya set_politics, weka ruling_party ya serikali ya Shamte, kisha kwenye set_popularities wape ASP 54 na muungano 46. Jumla iwe 100 kamili. Weka pia last_election ya Julai 1963 na election_frequency ya 48, ambayo ni miezi, ili kura nyingine isipigwe katikati ya hadithi.

Shida inayobaki ni itikadi. Gemu ina nne tu (democratic, communism, fascism na neutrality), na asilimia zinahesabiwa kwa itikadi, si kwa chama. ASP na muungano wote ukiwatia kwenye democratic, huwezi kuwatenganisha. Njia nyepesi: ASP democratic, aina ya socialism, serikali ya Shamte neutrality, aina ya moderatism. Msiweke despotism kwa Jamshid. Neno hilo linaonekana kwa mchezaji chini ya picha, na yeye alikuwa mkuu wa dola wa kikatiba. Wala msiipe ASP ya 1963 ukomunisti. Walio na Umaksi ulio wazi ni Umma Party ya Abdulrahman Babu, nao uwaingize kwa tukio baadaye.

Fundi_Saa

Nyongeza kwenye hizo siku 33. Wengi huandika tukio lenye sharti la tarehe, yaani date > 1964.1.11, wakaliacha lijifyatue lenyewe. Halitokei siku hiyo. Gemu hukagua matukio ya namna hiyo kila baada ya siku 20, si kila siku, ili kompyuta isizidiwe. Kwa hiyo mapinduzi yako yanaweza kuangukia mwisho wa Januari, na mtu wa Unguja anayecheza atakuuliza umeitoa wapi tarehe hiyo.

Dawa: kwenye common/on_actions, ndani ya on_startup, ita tukio kwa country_event na uandike days = 33. Hapo linaanguka siku yake. Tukio lenyewe liwe na is_triggered_only = yes, la sivyo litaingia kwenye ule ukaguzi wa siku 20 pia na unaweza kuliona likitokea mara mbili.

Mchora_Bendera

Bendera ndiyo kitu cha kwanza mtu kupiga picha ya skrini. Vipimo ni vitatu: 82 kwa 52 kwenye gfx/flags, 41 kwa 26 kwenye medium, 10 kwa 7 kwenye small. Zote ni faili za picha za aina ya TGA, biti 32. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, unapohifadhi, ondoa alama ya mbano wa RLE na uweke chanzo cha picha chini kushoto. Ukiacha juu kushoto, bendera inatokea kichwa chini miguu juu, na kwa bendera ya mistari mitatu hilo ni nchi nyingine kabisa.

Zanzibar inahitaji angalau mbili. Ya Desemba 1963: nyekundu, katikati duara la kijani lenye karafuu mbili za dhahabu. Ya Mapinduzi: bluu juu, nyeusi katikati, kijani chini. Kosa ninaloliona kila mara ni kuchukua ya sasa hivi yenye bendera ya Tanzania kwenye kona. Hiyo ni ya 2005.

Kwenye ile ya 10 kwa 7 usihangaike na karafuu. Ukiipunguza kwa mashine, dhahabu na kijani vinachanganyika na kuwa doa la kahawia kama tone la chai. Chora kwa mkono, pikseli kwa pikseli: wekundu mtupu, kisha kijani cha upana wa pikseli nne na kimo cha tatu. Inatosha, mchezaji anaielewa.

Bendera isibadilike kwa kubadili nchi. Tumia set_cosmetic_tag, amri inayobadili jina na bendera tu, upe mfano ZAN_MAPINDUZI, na uipe picha yenye jina hilohilo. Majina yake yaandikwe kwa kila itikadi, pamoja na yale yanayoishia _DEF na _ADJ. Ukiruka moja, itikadi ikibadilika mchezaji anaona msimbo mtupu badala ya jina la nchi.

Bi_Ramani

Sasa Muungano, 26 Aprili 1964. Kuna njia mbili na zote mbili zina mtego.

annex_country ni fupi, ila inaifuta serikali ya Zanzibar yote: kiongozi, vyama, bendera. Kihistoria Zanzibar ilibaki na rais wake na Baraza la Mapinduzi, kwa hiyo ni kosa la ukweli kabla halijawa kosa la siasa. Njia ya pili ni kuifanya nchi iliyo chini ya nyingine, na gemu kwa chaguo lake la kawaida itaandika neno linalomaanisha kibaraka. Sihitaji kueleza litakavyopokelewa.

Tengeneza daraja lako mwenyewe kwenye common/autonomous_states. Nakili daraja la juu kabisa la gemu, badilisha jina, zuia kupanda na kushuka ili mtu asiivunje kwa kutuma silaha, na kwenye faili la majina uliite tu Serikali ya Mapinduzi. Na Bara msiiandike Tanzania siku hiyo ya Aprili. Iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina Tanzania lilikuja Oktoba 1964. Cosmetic tag ya miezi sita, kazi ya dakika tano.

Okapi

Wa Kongo, tahadhari moja ya kipuuzi inayokula siku nzima: msiipe nchi tagi (msimbo wake wa herufi tatu) ya CON. Windows imelihifadhi jina hilo tangu enzi za DOS, huwezi kuunda CON.tga wala CON.txt. Mtengenezaji wa Linux anaweza, anaipakia, na kila mwenye Windows anapata modi mbovu. Gemu yenyewe inatumia COG.

La pili ni nani akae kwenye kiti. Gemu inaonyesha kiongozi mmoja tu wa nchi, na Kongo ya Juni 1960 ilikuwa na Kasavubu rais na Lumumba waziri mkuu. Anayeanza 30 Juni aweke Lumumba kama kiongozi na Kasavubu kama mshauri, au kinyume chake, lakini 5 Septemba walipofutana kazi lazima iwe tukio lenye machaguo, si mstari mmoja kwenye faili la historia. Mobutu anaingia 14 Septemba. Serikali ya wafuasi wa Lumumba, ya Gizenga kule Stanleyville, ipewe tagi yake. Katanga, jimbo lililojitenga, vilevile: 11 Julai 1960 hadi Januari 1963. Msiifanye Katanga iwe na nguvu za ajabu kwa sababu ya shaba. Shaba iwe kwenye jimbo, si kwenye nchi, ili anayeliteka jimbo aipate.

Fundi_Saa

Na jina Zaire lisitokee kabla ya Oktoba 1971. Nimeona modi za 1965 zenye Zaire.

Jiwe_la_Kagera

Idi Amin. Kumweka si tatizo. Tatizo ni zawadi.

Modi nyingi zina lengo la taifa linaloitwa kwa namna moja au nyingine kufukuza Wahindi, na mwisho wake mchezaji anapata viwanda viwili na asilimia kadhaa za uungwaji mkono. Kwa lugha ya gemu umesema lilikuwa jambo zuri. Tangazo la Agosti 1972 lilitoa siku 90. Liandike hivyohivyo: tukio la kwanza, kisha la pili lenye days = 90, na matokeo yake yawe yale yaliyotokea, yaani biashara kuporomoka. Tumia wazo la kitaifa lenye industrial_capacity_factory (uzalishaji wa viwanda) hasi na consumer_goods_factor (viwanda vinavyotengwa kwa bidhaa za raia) iliyopanda, na usiweke tarehe ya kwisha. Liondoke serikali ikibadilika, kwa Uganda Aprili 1979.

Itikadi yake isiwe fascism kwa hasira tu. Ukimweka huko, kompyuta itamtafutia marafiki wa itikadi hiyo na vita vya ajabu. Neutrality, aina ya despotism, ndiyo mahali pake. Na ule mlolongo wa vyeo alivyojipa usiwe jina lake la kawaida. Jina refu linakatika kwenye dirisha, halafu linageuza kila kitu kichekesho. Liwekeni kwenye maelezo ya tukio moja la miaka ya 1975 na kuendelea, basi.

Mchora_Bendera

Kuhusu vyeo: John Okello, wa Mapinduzi ya Zanzibar, naye hakuwa mkuu wa nchi. Watu humweka kwenye kiti kwa sababu sauti yake ndiyo iliyosikika redioni. Alijiita Field Marshal, na kwa bahati gemu ina cheo hichohicho, basi mpeni huko jeshini, akiwa na divisheni moja ya kuongoza! Aondoke kwa tukio la Machi 1964 alipozuiwa kurudi.

Msoma_Sheria

Machache ya nje ya Afrika, yanafaa kama mfano.

Ujerumani, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza alama za Wanazi. Tangu Agosti 2018 gemu hupimwa moja moja, lakini hilo linahusu gemu iliyopelekwa kupimwa, si modi yako. China ilipiga marufuku Hearts of Iron ya kwanza mwaka 2004 kwa kuonyesha Tibet na Manchuria kama nchi huru. Jukwaa la Paradox, watengenezaji wa gemu, lenyewe halitaki swastika wala modi za mauaji ya halaiki. Kwa hiyo Rwanda ya 1994 isifanyiwe mfumo wa vifungo na namba, kwa njia yoyote ile. Malizeni modi kabla ya hapo.

Na si madikteta peke yao wanaoleta shida. Gemu nyingine, Civilization V, ilipanga kumweka Po'pay wa Wapueblo, wenyeji asilia wa Marekani. Viongozi wao wakakataa, na Washoshone wakachukua nafasi hiyo mwaka 2013. Ni shujaa wao, ila ruhusa haikuwepo.

Bi_Ramani

Weka swichi. Folda ya common/game_rules inakubali kanuni zako mwenyewe: kanuni moja, machaguo mawili, moja ya historia kamili na nyingine ya matukio mazito kuzimwa. Kwenye kila tukio zito andika sharti la has_game_rule. Andika kwa lugha tulivu mchezaji anazima nini, asijue tu kuwa kuna kitu kimefichwa.

Majina ya Kiswahili: gemu haina lugha yetu, hivyo yanaingia kwenye faili linaloishia _l_english.yml, mstari wa kwanza l_english: na hifadhi kwa UTF-8 yenye BOM (alama fiche mwanzoni mwa faili). Bila BOM faili halisomwi na utaona misimbo kila mahali.

Mgeni_2

Na picha za viongozi? Zile za zamani ni za nyeusi na nyeupe.

Mchora_Bendera

156 kwa 210 kwa kiongozi, 65 kwa 67 kwa mshauri. Paka rangi kwenye tabaka la juu, usiguse kivuli cha chini. Usimng'arishe mtu ngozi. Viongozi wa pande mbili zilizopigana wapewe mandhari moja na mwanga wa upande mmoja. Jamshid akiwa kwenye nuru na Karume gizani, hakuna atakayeamini kuwa imetokea kwa bahati mbaya. Ukimaliza, fungua gemu kwa -debug, kisha usome error.log kwenye folda ya logs. Picha iliyokosewa njia itatajwa hapo kwa jina lake.